Sauti Yangu Kwenye Sabufa ya Msiba

Luhende aliingia kwenye simu yangu bila ruhusa, akachukua sauti nilizokuwa nikitumiana na mdogo wangu, akazipiga kwenye sabufa mbele ya watu waliokuja kuanua matanga. Hilo ndilo kosa. Nalitaja mwanzoni kabisa kwa sababu hapa Kakese limeshageuzwa mara nyingi. Wengine wanasema ulikuwa utani. Wengine wanasema mimi ndiye niliyewadanganya watu. Nasema tena: aliingia, akachukua, akapiga.

Mimi naitwa Pelagia. Ni Mpimbwe, nimezaliwa upande wa Usevya, Kakese nililetwa na ndoa. Sikusoma. Baba alikuwa na majaruba ya mpunga, na mpunga ukianza kushika punje ndege wanashuka kama moshi. Alihitajika mtu wa kuamia ndege, na mkubwa wa nyumba nilikuwa mimi. Kila mwaka walisema nitaandikishwa shule msimu ukiisha. Msimu uliisha, ukaja mwingine. Mdogo wangu Esteria alipofika umri akaandikishwa yeye, kwa kuwa mimi nilikuwa nimeshazoea kombeo na kupiga makopo. Simlaumu. Alimaliza darasa la saba, akaolewa Ikola, na mpaka leo anaanika dagaa kule ziwani. Haya nayasema kwa mdomo na yeye ndiye anayeyaandika. Nimemwambia asiongeze na asipunguze, na asinipambe.

Mtu asiyejua kusoma hujifunza kujificha kabla hajajifunza kitu kingine. Unasema miwani umeisahau nyumbani, na miwani huna. Unasema macho yanatoa machozi, soma wewe mwanangu. Kliniki wakikupa karatasi unaiangalia kidogo, halafu unaikunja vizuri kama mtu aliyeielewa. Na penye kutia sahihi, unasubiri wakuletee wino. Mimi nimeweka dole gumba kwenye karatasi za zahanati, kwenye chama cha wakulima, kwenye ofisi ya kijiji. Hakuna hata mara moja niliyouliza karatasi inasema nini. Ukiuliza, watajua. Mtu akisema weka dole hapa, unaweka, unafuta kidole kwenye kanga, unaondoka.

Mume wangu Nashon alikwenda Inyonga kwenye mashamba ya tumbaku na hakurudi. Watu waliambiwa anafanya kazi. Ukweli wa jambo hilo niliuweka kwa Esteria peke yake, kwa sauti, kwenye simu. Mengine ya mwili wangu na ya nyumba yangu niliyaweka hukohuko. Sina mtu mwingine wa kumwambia, na barua siwezi kuandika. Simu ilipokuja na kitu cha kurekodi sauti na kuituma, nilisema Mungu amewakumbuka watu kama sisi.

Kwenye jumuiya yetu kila mtu ana zamu ya kusoma somo. Kwa miaka mingi zamu yangu ilipofika niliumwa. Kichwa, tumbo, mgongo. Lakini mtu hawezi kuumwa kila zamu, watu wanaanza kuangaliana. Nikamweleza Esteria. Akasema, "Dada, nitakusomea mimi huku, wewe ulishike kwa masikio." Ndivyo tulivyofanya. Anakaa kando ya vichanja vya dagaa, upepo wa ziwa unasikika nyuma yake, ananisomea sentensi moja moja. Mimi napalilia huku simu iko kwenye mkunjo wa kanga, nasikiliza, nasema, nasikiliza tena. Nikiona nimelipata, najirekodi, namtumia, naye ananirudishia: hapo umeruka neno, hapo umepanda sauti pasipotakiwa. Ikifika Jumamosi somo lote liko kichwani. Nashika kitabu kwenye ukurasa uliowekwa alama, nasimama, nasema.

Nilisema vizuri. Hilo nalisema bila kujivuna, maana limeshakuwa fimbo ya kunichapia. Waliosoma walijikwaa kwenye majina magumu, wakarudia mstari, wakapoteza mahali walipokuwa. Mimi sikujikwaa. Watu wakaanza kusema Pelagia akisoma ni kama anaongea na wewe mwenyewe. Mzee Bartolomeo, mwenyekiti wa jumuiya, akawa ananipa mimi masomo ya sikukuu na ya misiba. Sikuomba kazi hiyo. Lakini nilipopewa niliipenda, na nilitembea njiani kichwa kikiwa juu kidogo kuliko zamani. Ni aibu kulisema sasa.

Luhende ana duka ng'ambo ya barabara, mkabala na nyumba yangu. Ni Msukuma; wazazi wake waliingia Katavi na ng'ombe kutoka kaskazini, yeye akawaachia ndugu zake ng'ombe akashika simu. Anauza chaja, anauza sabufa, anatengeneza vioo vilivyopasuka, na ana kompyuta ya kuwekea watu nyimbo kwenye memori kadi. Amemuoa binti wa jumuiya yetu, kwa hiyo ni mwenzetu kwenye sala. Na ni mtani wangu. Kati yetu na Wasukuma utani ni wa siku zote. Mtani wako atakutukana mbele ya mkwe wako na utacheka. Atakamata kuku wako uani, amchinje, na wewe utaleta sufuria. Kwenye msiba ndiye anayeruhusiwa kuchekesha watu wakati wenye msiba wanalia. Hukasiriki. Ukikasirika, wewe ndiye mwenye makosa.

Yeye huniita mayu, yaani mama kwa Kisukuma. Nikipita dukani kwake ilikuwa hivi:

"Mayu Pelagia! Nyie Wapimbwe leo mmehesabu punje ngapi kabla ya kuinjika sufuria?"

"Nimehesabu kupe. Ulipita kwangu jana ukaniachia kupe wa ng'ombe zenu."

"Kupe wangu walipoona ubahili wa jikoni kwako walirudi wenyewe kwa miguu."

Watu wanacheka, mimi nacheka. Sikuwa na neno naye. Hata sabufa yangu niliinunua kwake.

Sauti zinakula bando. Siku moja nilikuwa nalalamika dukani kwake kwamba bando limeisha na Esteria hajanimalizia habari. Luhende akasema, "Mimi nimefunga waifai hapa. Inafika mpaka kwako jikoni. Lete simu nikuunganishe, wewe ni mtani, sikutozi." Nikampa. Aliigeuzageuza, akaisogeza karibu na kompyuta yake. Halafu akanigeuzia.

"Weka kidole hapa, mayu."

Nikaweka.

Akabonyeza mambo yake, akanigeuzia. "Tena. Hapo hapo."

Nikaweka tena, naye akaielekeza simu kwenye kioo cha kompyuta kama mtu anayepiga picha. Simu ilikuwa imeandika maneno juu ya ile alama ya kidole. Nililiona andiko, si kwamba sikuliona. Sikuuliza linasema nini. Nilimshukuru, nikaenda kwangu, na kweli waifai ilifika mpaka jikoni. Miezi yote iliyofuata nilimwombea heri kwenye sala zangu kwa ajili ya waifai ile.

Mama yake Mzee Bartolomeo alipofariki, nilipewa somo la siku ya kuanua matanga. Watu walijaa uani kwa Bartolomeo, kina mama upande wa jikoni, wanaume chini ya turubai. Sabufa yangu ndiyo iliyotumika kupigia nyimbo za kwaya. Sabufa ile haina siri yoyote. Ukiiwasha kwenye blututhi, simu yoyote iliyo karibu inaweza kuikamata, hakuna inachouliza. Mimi sikulijua hilo. Nilidhani kwa kuwa ni yangu, inanijua.

Watani walikuwa wameshafanya mambo yao tangu asubuhi. Luhende alikuwa amejifunga kanga ya marehemu kiunoni anadai alikuwa mchumba wake na anataka kurudishiwa ng'ombe. Watu walicheka mpaka Bartolomeo mwenyewe akafuta machozi ya aina mbili. Chakula kikaliwa. Ikaja sala. Bartolomeo akasema, "Sasa mama Pelagia atusomee."

Nikasimama. Nikafungua kitabu. Sabufa ikatoa ule mlio wake wa kukamata simu. Halafu nikasikia upepo wa ziwa.

Sikuelewa mara moja. Nilidhani Esteria amepiga simu. Sauti yake ikaja, kubwa, imejaa ua mzima: "Dada, tuanze. Leo ni refu, usiogope."

Halafu ikaja sauti yangu. "Subiri kwanza, hili jina la mji linanishinda. Litamke polepole, kama unamenya karanga."

Esteria akalitamka. Mimi kwenye sabufa nikalivuruga. Akalitamka tena, nikalivuruga zaidi. Nilikuwa nacheka mle ndani, kicheko cha mtu aliye jikoni kwake peke yake. Mtu mmoja uani akaanza kucheka, wakafuata wengine. Halafu sauti yangu ikasema maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nashika uso: "Nikikwama nitakohoa. Si unajua huwa nakohoa? Wanadhani vumbi."

Hapo ndipo waliposhindwa kujizuia. Kila mtu alikumbuka kikohozi changu alichowahi kukisikia. "Ile ya Pasaka!" mwanamke mmoja alipiga kelele. "Alikohoa ile ya Pasaka mpaka nikampelekea maji!" Walipigana mabega. Luhende alisimama katikati na kanga ya marehemu kiunoni, simu mkononi, akasema, "Jamani, mtani wangu anasoma kwa masikio! Hicho kitabu mnamsumbua tu, mpeni redio!"

Nilimwangalia Bartolomeo. Yeye ndiye aliyenisimamisha. Alikuwa anasema, "Nyie, acheni basi, acheni," lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Somo lilikuwa kichwani lote. Hilo ndilo linaloniuma. Ningeweza kufunga kitabu na kulisema kuanzia neno la kwanza mpaka la mwisho, bila kukohoa. Mdomo haukufunguka. Nililaza kitabu kwenye kiti, nikapita nyuma ya nyumba, kwenye majivu na maganda ya mihogo, nikaenda kwangu. Sabufa niliiacha ikiongea.

Baada ya hapo niliishi kama mwizi. Kisimani nilikwenda jua la saa sita, wakati kila mtu yuko ndani. Jumuiya sikwenda. Dukani kwa Luhende nilipapita kwa kuzunguka shamba la mtu. Watoto wakiniona walikohoa. Si kwa ubaya mkubwa, ni watoto, mmoja anaanza na wengine wanadakia, njia nzima inakohoa. Nilikuwa nasimama nyuma ya mlango wangu nasubiri wapite kwanza ndipo nitoke na ndoo. Mwanamke niliyelea watoto na wajukuu wa ndugu, nawakimbia watoto wa watu.

Lakini aibu ya kutojua kusoma haikuwa kubwa kuliko ile nyingine. Nilipokuwa nimelala mchana, usingizi hauji, nilianza kuhesabu moyoni mambo mengine niliyomwambia Esteria. Habari ya Nashon. Habari ya ugonjwa wangu. Habari za watu wengine waliokuja kulia kwangu. Kama Luhende amesikia ile ya somo, amesikia ipi nyingine? Siku nilipomwona kwa mbali ananiangalia na kutabasamu, mkojo ulinibana kama mtoto aliyeshikwa.

Esteria alipopata habari alipanda fuso la dagaa akaja. Hakunipa pole. Alisema, "Lete simu."

Akakaa kwenye kigoda, akapekua. Akauliza, "Dada, wewe una kompyuta?"

"Kompyuta ya nini? Nina jembe."

"Humu kuna kompyuta. WhatsApp yako imefunguliwa kwenye kompyuta ya mtu. Imeandikwa hapa, vifaa vilivyounganishwa. Na imetumika leo asubuhi."

"Leo?"

"Leo. Kila sauti uliyonitumia na niliyokutumia, na yeye anayo."

Nilimweleza habari ya waifai na kidole. Alirudi kwenye simu akaangalia tena. Halafu akasema kidole cha kwanza kilikuwa cha kufungua simu, na cha pili ndicho kilichoikubali kompyuta. Waifai haikuhitaji kidole. Waifai inahitaji neno la siri la mwenye waifai tu, analiandika, basi. "Kompyuta hapa mtaani anayo nani?" akauliza. Nilimwonyesha kwa kidevu ng'ambo ya barabara, kompyuta ile inaonekana kutoka mlangoni kwangu.

Esteria kwa hasira akabonyeza, akaitoa kompyuta ile. Ikafutika. Akafuta na waifai ya Luhende ili simu isiikimbilie tena yenyewe. Akanionyesha alama ya blututhi ilivyo, kwa umbo, nikaishika kama ninavyoshika alama ya ng'ombe wa mtu: ikiwaka, mlango uko wazi, ukimaliza kazi yako unaizima. Akanionyesha pa kuangalia kila juma kama kuna kifaa kigeni. Nikitokewa na maneno nisiyoyajua yanayotaka kidole, nisiweke, nibonyeze vitufe viwili kupiga picha ya kioo, nimtumie yeye Esteria ayasome. Na sabufa, kwa kuwa haina siri, nitumie memori kadi mbele za watu, blututhi niizime. Niliyashika yote mara moja. Kushika kwa masikio ndiyo kazi niliyokuwa nayo.

Tulipomaliza ndipo Esteria akapiga paja lake. "Dada, nimekosea. Tungeiacha mpaka wazee waione. Nimefuta ushahidi."

Habari kwamba Esteria anajua kuchungulia simu ilizunguka. Walewale waliocheka walianza kuja kwangu kwa mlango wa nyuma, mmoja mmoja, simu kwenye upindo. Barabarani hawanisalimii, jikoni wananiita dada. Wengi simu zao zilikuwa safi. Ya mmoja haikuwa safi. Kompyuta ileile, umbo lile lile la maandishi, Esteria alisema. Naye aliwekeshwa kidole dukani, akitafuta waifai. Alipoambiwa alikaa chini kwenye majivu. Alisema, "Mungu wangu. Picha zangu." Halafu akatushika mikono mimi na Esteria. "Msiseme. Nawaomba. Mume wangu akijua nimekwisha."

Nikamwambia, "Usiitoe kwanza. Njoo nayo kwenye kikao, wazee waione tu ile kompyuta, picha haziwahusu. Tukiwa wawili hawezi kukataa."

Akasema atakuja.

Bartolomeo alikubali kuita kikao baada ya Esteria kwenda kwake na kumwambia asipokiita ataenda kwa paroko. Tulikaa uani kwake, Jumapili baada ya ibada. Wasukuma walimleta Mzee Masunga, baba mdogo wa Luhende, kwa kuwa jambo lilikuwa linaitwa la utani na utani una wazee wake. Nilitaka kitu kimoja tu siku ile: Luhende aseme mbele ya watu walewale kwamba aliingia kwenye simu yangu kwa hila. Kama angelisema, mimi ningebaki mtu asiyejua kusoma, lakini ningeweza kwenda kisimani asubuhi.

Luhende alikuja na shati safi. "Tumsifu Yesu Kristo," akasema kwa wote, halafu kwangu, "Mayu, bado umeninunia? Mpimbwe gani huyu, mpunga umekauka mpaka moyoni?"

Watu wachache walicheka.

Bartolomeo akamuuliza sauti alizipata wapi.

"Mzee, simu yake aliiunganisha mwenyewe. Mimi nilimsaidia waifai. Mambo ya mtandao yana mchanganyiko wake." Akanigeukia. "Mayu, kidole kilikuwa cha nani?"

"Changu."

"Nilikishika kwa nguvu?"

"Hapana."

"Basi wazee mmesikia."

Esteria akasimama. "Mtu asiyejua kusoma ukimwambia weka kidole ataweka! Wewe ulijua hawezi kusoma yale maandishi. Ndiyo maana ulimchagua."

Lilikuwa limesemwa wazi kwa mara ya kwanza, si kwa sabufa, kwa mdomo wa ndugu yangu: mtu asiyejua kusoma. Nilitamani ardhi inimeze. Lakini nilisimama, kwa sababu nilikuwa nimelifikiria neno langu kwa siku nyingi, na halikuwa la kusomewa na mtu.

Nikasema, "Mzee Masunga, nikuulize wewe. Mtani akija kumkamata kuku wangu, anakuja saa ngapi?"

"Mchana," akasema.

"Anamkamata wapi?"

"Uani. Watu wakiona."

"Anaingia chumbani kwangu? Anainua godoro langu?"

Mzee Masunga akamgeukia Luhende. "Hapana," akasema. "Huyo si mtani. Mtani haingii chumbani."

"Huyu ameingia chumbani. Amekaa humo miezi, anasikiliza. Alichokitoa uani ni kidogo. Nataka aseme ameingiaje, na aseme amebeba nini kingine."

Luhende alicheka, lakini kicheko kilikuwa kimekauka. "Chumbani! Jamani, ni sauti mbili tatu za somo. Zilikuwa zimezagaa kwenye makundi, hata sijui nani alinitumia. Kama kuna mtu mwingine nimemwingilia simu, si aseme? Nani mwingine? Aseme!"

Alisema hivyo akizungusha macho. Alijua.

Nilimwangalia yule mwanamke. Alikuwa amekaa upande wa jikoni, karibu na mumewe, simu iko kwenye upindo wake, niliona umbo lake. Angeitoa tu. Asingelazimika kusema neno. Aliangalia miguu yake. Alianza kuchora ardhi kwa kidole cha mguu, kama binti anayeposwa, na hakuinua uso mpaka kikao kilipokwisha.

Ningeweza kumtaja. Esteria alinifinya nimtaje. Jina lilikuwa mdomoni. Nilifikiri mumewe, nilifikiri zile picha, nikakumbuka uso wangu ulivyokuwa siku ya matanga. Nikanyamaza. Watu wakaona nimenyamaza kwa kukosa neno.

Wazee walijitenga kidogo, wakarudi. Mzee Masunga alisema Luhende amevuka mpaka wa utani kidogo, na kwa kuwa hakuna ushahidi wa hilo la kompyuta, atoe kuku, tushikane mikono, utani uendelee. Bartolomeo akasema, "Tusameheane, mama. Ni msiba wangu uliovurugwa, na mimi nimeshasamehe." Aliamua kusamehe na sehemu yangu.

Sikushika mkono. Luhende akaleta kuku jioni ileile, akamfunga kwenye mguu wa kigoda changu akasema, "Haya mayu, kula tuyamalize." Nilimfungua, nikavuka naye barabara, nikamwachia dukani kwake juu ya kompyuta. Akaruka, akaangusha chaja, wateja wakacheka. Safari hii si mimi niliyechekwa, lakini haikunisaidia kitu. Nilirudi kwangu nikalia.

Esteria amerudi Ikola mara nyingi tangu hapo na kuja tena. Ananifundisha herufi, nimeanza. Jina langu naliandika, na neno "kataa" na neno "kubali" nayajua nikiyaona kwenye simu. Jumuiya narudi, nakaa nyuma. Somo sipewi. Hakuna aliyesema sitapewa tena, wanaliruka tu jina langu. Sauti namtumia Esteria kwa nadra, na nikimtumia nasema kama mtu anayeongea mbele ya mgeni. Habari zangu za ndani sina tena pa kuziweka.

Sasa naandikisha ninachodai, kwa sababu kuku hakukilipa.

Luhende ananidai mkono niliomkatalia. Hiyo ni habari yake. Mimi namdai aseme, uani kwa Bartolomeo na mbele ya watu walewale, kwamba aliniwekesha kidole akijua siwezi kusoma. Namdai aniambie, mimi peke yangu, ni sauti zipi alisikia na kama bado anazo. Mzee Bartolomeo namdai somo moja. Anisimamishe tena mbele ya watu, bila kitabu, aseme kwamba Pelagia hasomi na kwamba atatusomea hivyohivyo. Wale waliocheka nawadai salamu, barabarani, mchana. Na yule mwanamke mwenye simu kwenye upindo, ambaye sijamtaja na sitamtaja, anadaiwa neno moja ambalo lingemaliza yote. Kompyuta bado imo kwenye simu yake. Jana alikuja tena kwa mlango wa nyuma kuniuliza itolewe vipi. Nilimwambia namna ya kuitoa. Alisema ataitoa kesho.